Uso wa Kiti cha Nyuma

Fundi vioo alikuwa na mazoea ya kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, pale pale karakanani, juu ya benchi refu lililotandikwa blanketi kuukuu. Alasiri moja, akiwa usingizini, akaanza kuendesha baiskeli.

Ndiyo, baiskeli. Mkewe alikuwa mezani anakunja magazeti ya kufungia vioo, akasikia blanketi linachakacha. Akageuka. Miguu ya mumewe, ile ile ambayo asubuhi ilikwama kizingitini hata ikabidi ambembeleze, "Nyanyua, Fundi, nyanyua tu huo mmoja, mwingine utafuata," sasa ilikuwa inazunguka hewani, mmoja unapanda, mwingine unashuka, taratibu na kwa mpangilio, bila kutetemeka hata chembe. Tena alikuwa anacheka. Sisemi alitabasamu, nasema alicheka, kile kicheko chake cha zamani kilichoanzia tumboni na kuishia machoni, ambacho zamani kiliwafanya wateja wasahau kwamba walikuja kulalamika.

Mwanamke huyo mtaa mzima humwita Bi Futi, kwa sababu utepe wa kupimia hauondoki shingoni mwake. Yeye ndiye huenda majumbani kupima madirisha, mumewe ndiye hukata kioo. Ndivyo walivyoishi tangu waoane. Basi Bi Futi akaacha magazeti yake, akavuta kiti polepole kisipige kelele, akaketi kumtazama. Mwanga wa alasiri ulipita kwenye vioo vilivyoegemezwa ukutani ukamwagika sakafuni, ukawa unatikisika kidogo kama maji ndani ya beseni, na katikati yake mumewe anaendesha, anaendesha, anakwenda asikokujua mtu.

"Huko uendako," akamnong'oneza, "si ungenipakia na mimi?"

Fundi akaamka. Miguu ikasimama. Mkono wa kushoto ukaanza tena kutetemeka kwenye blanketi, na uso ukafunga. Hivyo ndivyo Bi Futi alivyozoea kusema, kwamba uso unafunga, maana hakuwa na neno jingine. Mashavu yalitulia, macho yakaacha kupepesa, mdomo ukawa mstari.

"Uliota nini?"

"Hata sijui," akajibu, kwa ile sauti yake ya siku hizi ambayo ilibidi umsogelee ndiyo uisikie.

Ugonjwa ulianza na kidole kimoja. Fundi aliulaumu uzee, akalaumu baridi, akalaumu hata kikata kioo kwamba kimekuwa butu, mpaka siku alipokwaruza mstari juu ya kioo kikubwa cha dirisha la duka na mstari ukaenda upogo. Daktari akawaambia ni ugonjwa wa Parkinson. Akampa dawa, zikasaidia kiasi chake. Akawaambia pia, mapema kabisa, kwamba ugonjwa huu hukaza hata misuli ya uso, kwamba mtu anaweza kufurahi moyoni na usoni asionekane chochote. Kuambiwa, Bi Futi aliambiwa. Kuzoea ndiko kulikomshinda. Ukimpikia mtu anachokipenda, ukamwekea mezani, akakitazama kama anatazama ukuta, utajiambia ni ugonjwa, utajiambia tena, lakini chakula chako mwenyewe hakitashuka.

Ndipo akafanya kosa ambalo ni mke wa fundi vioo tu angeliweza kulifanya. Alianza kumwona mumewe anasimama mbele ya kioo cha sebuleni, anajitazama muda mrefu, anavuta shavu kwa kidole kama anayejaribu kuliamsha. Roho ikamuuma. Siku moja Fundi alipokuwa kliniki akateremsha vioo vyote vya nyumba, cha sebuleni, cha chumbani, hata kile kidogo cha kunyolea, akavigeuzia ukuta stoo na kuvifunika shuka. Alijitayarisha kwa uongo wa kupaka rangi kuta. Fundi hakuuliza. Alirudi, akapita sebuleni, akasimama mbele ya ule msumari mtupu, kisha akaenda kukaa. Bi Futi akashukuru kimoyomoyo kwamba hakuulizwa. Angejua alichokuwa anakishukuru, angejizaba kofi.

Siku chache baada ya ile ndoto ya benchini, walipokwenda kwa dada wa mazoezi ya viungo, binti mchangamfu asiyevua raba zake hata kwenye mikutano, Bi Futi hakuweza kujizuia.

"Dada, mume wangu akilala anaendesha baiskeli. Akiamka hawezi kuvuka mlango. Hiyo miguu ya usingizini anaitoa wapi?"

"Miguu ni ile ile, mama," dada akasema. "Tena wengi wenye ugonjwa huu hutembea ndani ya ndoto zao, wengine hupiga hata ngumi. Shida haiko miguuni, iko huku." Akajigusa kichwa. "Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Ukitaka kutembea, kufunga kifungo, kucheka, amri yako inategemea hiyo dopamini ili ifike vizuri. Kwa mzee wetu seli hizo zimepungua. Dawa zinajaribu kuziba pengo."

"Na mazoezi yanafanya nini?"

"Nisikudanganye, hayafufui seli iliyokufa. Ila watafiti wanaona dalili kwamba mtu akijitahidi kweli, akatoka jasho, tena mara kwa mara, ubongo unajifunza kukitumia vizuri zaidi kile kidogo kilichobaki. Huenda hata unazilinda seli zilizo hai, na kujitafutia njia za pembeni. Nasema huenda, mama. Bado wanachunguza."

Bi Futi alirudi na lile "huenda" kama mtu aliyerudi na mbegu ndani ya leso. Alilielewa kwa akili yake ya madirisha. Dirisha la kusukuma likikaa muda mrefu bila kufunguliwa linakwama kwenye reli yake. Hulivunji. Unalisukuma kidogo leo, unalirudisha, kesho tena, na sabuni kidogo, mpaka likumbuke. Si lazima liteleze kama jipya. Lifunguke tu hewa iingie.

Na dada yule alikuwa amesema jambo jingine mlangoni, kwamba wako waliojaribu baiskeli ya watu wawili, mwenye afya mbele, mgonjwa nyuma. Wa mbele anakanyaga kwa kasi, na kwa kuwa mnyororo umewafunga pamoja, wa nyuma hana budi kukanyaga kasi ile ile, kasi ambayo mwenyewe asingeichagua. Daktari akapima moyo wa Fundi, akasema unaweza, lakini waanze polepole na wavae kofia ngumu.

Baiskeli ya namna hiyo haikupatikana dukani. Ikabidi waende kwa fundi wa kuchomelea vyuma wa jirani, anayeitwa Cheche, mtu ambaye hawezi kufanya kazi bila kukutania kwanza.

"Baiskeli ya viti viwili!" Cheche akasema, miwani yake ya kuchomelea imepanda kwenye paji la uso. "Bi Futi, mnatoroka? Mnamkimbia nani uzeeni huu?"

"Tunakukimbia wewe na maneno yako. Utatengeneza hutengenezi?"

Akatengeneza. Alichukua baiskeli mbili kongwe, akazikata, akaziunganisha, akachomelea na mguu wa chuma wa kuinua gurudumu la nyuma, ili baiskeli isimame yenyewe na Fundi apande bila kuyumba. Kitu chenyewe kilikuwa kirefu kama ngazi na kibaya kama dhambi. Bi Futi, ambaye mara ya mwisho kuendesha baiskeli alikuwa msichana wa shule, aliingia nacho moja kwa moja kwenye kamba ya nguo za majirani, akatokea upande wa pili na shati la mtu shingoni, juu ya utepe wake wa kupimia. Watu waliokuwepo waliangua kicheko. Aligeuka kumtazama mumewe kama naye amecheka. Mdomo ulikuwa mstari.

Hata hivyo hawakuacha. Kila asubuhi, kabla mtaa haujaamka vizuri, walitoka. Saa ile ukungu hulala chini barabarani, taa za nguzoni bado zinawaka bila sababu, na milango ya maduka imefungwa yote, ndefu na ya kijivu, kana kwamba mji mzima umefumba macho. Hakuna aliyesema kitu. Mnyororo uliimba wimbo wake mmoja. Bi Futi alikanyaga, akakanyaga zaidi, kifua kinawaka moto, na nyuma yake akasikia pumzi za mumewe zinaingia kwenye mpigo wake, mpaka akashindwa kujua pumzi ipi ni yake. Wakati mwingine alihisi kwamba hawaendi popote, ni barabara ndiyo inayokuja kuwatazama na kupita. Wakati mwingine alihisi ameingia katika ile ndoto ya benchini, amepakiwa hatimaye, ila amekaa mahali pabaya, kwa sababu mwenye ndoto yuko mgongoni kwake na hamwoni.

Matunda yalianza kuonekana, madogo, ya kuja na kuondoka. Wakitoka barabarani Fundi alifunga vifungo vya shati bila kusaidiwa. Alivuka kizingiti kama kizingiti hakipo. Mkono ulitulia kwa saa kadhaa, kisha ukarudia mchezo wake. Sauti nayo ilipanda kidogo. Lakini uso, jamani, ule uso! Kila wakifika nyumbani Bi Futi aliruka chini upesi amwahi, na kila mara aliukuta umekwisha kufunga.

Kilichomchanganya ni maneno ya mfagiaji wa barabara. Mfagiaji huyo, mama mmoja mnene mwenye fulana ya rangi ya chungwa, aliwapungia ufagio kila asubuhi, na siku moja akapaza sauti, "Bi Futi! Leo mzee umempa nini? Anacheka peke yake huko nyuma!"

Bi Futi akageuza shingo. Baiskeli ikayumba, gurudumu likagonga ukingo wa barabara, nusura wote wawili walale mtaroni. Walipotulia na akapata kumtazama mumewe, uso ulikuwa mkavu.

"Ulikuwa unacheka?"

"Mimi?" Fundi akasema.

Jibu gani hilo? Bi Futi akaamua kwamba mfagiaji anamtania, kama Cheche, kama wote. Mtu akikutania juu ya kidonda, hata kama hajui ni kidonda, kinauma vile vile.

Binti yao alikuja mwisho wa juma. Ni mtoto wao wa pekee, na tangu utotoni wanamwita Hakimu, kwa sababu alikuwa akiamua ugomvi wa watoto wenzake huku amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sasa ni mtu mzima mwenye ofisi yake na nyumba yake, na ndoo ameshaiacha, hukumu hajaacha. Aliwakuta wanaingia uani na baiskeli, mama yake hoi, baba yake jasho linamtiririka.

"Mama! Hiki ni nini?"

"Mazoezi."

"Mazoezi? Unamkokota mgonjwa barabarani kama gunia la mkaa! Mtazame baba. Hebu mtazame usoni, Mama. Huyu ni mtu anayefurahi?"

Bi Futi akamtazama.

"Dada wa mazoezi anasema..."

"Dada wa mazoezi haamki naye. Mimi nataka baba apumzike. Nina chumba, nina kiti kizuri kando ya dirisha, aje akae kwangu atulie." Kisha Hakimu akainama mbele ya baba yake, akamshika mikono yote miwili, sauti ikashuka ikawa ya mtoto. "Baba. Niambie ukweli. Unaipenda hii baiskeli, au unamridhisha Mama tu?"

Sasa, Fundi kujibu swali siku hizi ni safari. Neno linaanza mbali, linatafuta njia, linafika limechoka. Bi Futi aliona koo lake linacheza, akajua neno liko njiani. Lakini Hakimu hajazoea kungoja. Alihesabu ule ukimya kuwa ndio jibu lenyewe, akasimama.

"Umeona?" akamwambia mama yake, machozi yanamlengalenga. "Hata kusema hapana anaogopa."

Fundi akatoa neno lake baadaye, Hakimu akiwa ameshaingia ndani kuosha uso. "Naipenda," akasema, kwa sauti tambarare, jicho kwenye ukuta. Bi Futi alilisikia. Lakini ni neno lile lile, kwa sauti ile ile, alilosema kuhusu chakula, kuhusu blanketi jipya, kuhusu sindano. Alilishika neno hilo, akaligeuza huku na huku, asione ndani yake kuna mtu au hakuna. Labda binti anasema kweli. Labda asubuhi zote zile alikuwa anamtesa mwanamume ambaye hawezi hata kukunja uso kumwambia basi. Wazo hilo lilimkata maini.

Wakakubaliana na Hakimu kwamba mwisho wa mwezi Fundi angehamia kwake. Bi Futi akaisukuma baiskeli hadi kona ya karakana, akaisimamisha juu ya mguu wake wa chuma, akaitupia turubai.

Wakapumzika basi. Na pumziko lenyewe lilikuwa kama vumbi, linaanguka bila sauti, ukija kuangalia limefunika kila kitu. Vifungo vikarudi kuwa kazi ya Bi Futi. Kizingiti kikarudi kuwa mlima. Alipotaka kusema "twende tukaendeshe", ulimi ukawa mzito, kwani alijiuliza anakwenda kwa ajili ya nani.

Ndipo Fundi akaanza kujifungia karakanani alasiri, wakati wake wa kulala. Mara ya kwanza Bi Futi alidhani amelala kweli. Kisha akasikia kioo kimevunjika. Akakimbia mlangoni.

"Fundi! Kuna nini?"

"Usiingie," ikatoka sauti ndani. "Niko salama."

Kesho yake, tena. Kwanza kimya, kisha kitu kama mvumo wa nyuki, mrefu, wa kupanda na kushuka, kisha kimya, kisha kioo kinavunjika. Bi Futi akaelewa vibaya kabisa. Alidhani mumewe amekasirika, anavunja mali ya karakana kipande baada ya kipande kwa sababu anapelekwa kwa binti kama mzigo. Alikaa jikoni mikono imefunika masikio. Akajisemea, avunje, ana haki yake.

Lakini ule mvumo ulimvuta. Alasiri iliyofuata akashindwa kuvumilia, akazunguka hadi dirisha la nyuma. Dirisha hilo lina kioo cha ukungu, alichokiweka Fundi mwenyewe miaka ile ya ujana wao. Ukitazama huoni mtu, unaona kivuli tu, kimeyeyuka pembeni. Na Bi Futi akakiona kivuli. Kilikuwa juu, kimeinama mbele, na miguu yake inazunguka, mmoja unapanda, mwingine unashuka. Gurudumu la nyuma, lililoinuliwa na mguu wa chuma, lilikuwa linavuma hewani. Akasimama pale pale. Kwa muda hakujua anamtazama mumewe au anaitazama ndoto yake kwa nje, kupitia dirishani. Kivuli kikaongeza kasi, kikaongeza, hata Bi Futi akajikuta anapumua nacho. Kisha kikashuka, kikaenda mezani upesi upesi kama mtu anayewahi mlango kabla haujafungwa, kikainama. Akasikia sauti anayoifahamu kuliko sauti yake, kikata kioo kinakwaruza mstari. Kisha kikagonga. Kioo kikavunjika, na si pale kilipotakiwa, kwa maana kivuli kilishika kiuno, kikatikisa kichwa, kikapanda baiskeli upya.

Hakuwa anavunja kwa hasira. Alikuwa anaendesha ili mkono utulie, na mkono ukitulia anakata, na kabla haujaanza tena anajaribu kumaliza. Bi Futi aliteleza akakaa chini, mgongo ukutani, akalia na kujifuta kwa utepe wa kupimia.

Siku iliyofuata akamwachia mlangoni plasta na maji ya kunywa, akaenda zake.

Asubuhi moja, siku zile za mwisho kabla ya kuhama, alipotoka uani aliikuta baiskeli nje, imevuliwa turubai, imefutwa vumbi. Fundi amesimama kando yake, kofia ngumu kichwani, vidole vina plasta. Kwenye usukani, kwa waya na skrubu, kilikuwa kimefungwa kitu kidogo kilichofunikwa gazeti.

Lazima niseme hapa kwamba karakana ile ilikuwa na sheria yake, ya Fundi, na hakuna aliyeivunja. Kioo kipya cha kujitazamia hufunikwa gazeti mara tu kinapomalizika, na hakitazamwi na yeyote mpaka kifike kwa mwenyewe. Uso wa kwanza uwe wa mwenye kioo. Enzi zile alishamfokea Bi Futi kwa kuchungulia kioo cha mteja ajifunge kilemba, na walinuniana siku nzima.

"Usibandue," Fundi akasema. "Mpaka nikwambie."

"Hakimu akijua..."

"Panda, bibie."

Akapanda. Ukungu ulikuwa mzito, barabara haina mwanzo wala mwisho. Walianza polepole, miguu ya Fundi mizito huko nyuma, Bi Futi anaihisi kwenye mnyororo. Akaongeza. Ikagoma, ikafuata. Akaongeza tena. Maduka yaliyofumba macho yakaanza kupita, moja, jingine, nguzo, mti, nguzo, na pumzi za nyuma zikaja zikakaa juu ya pumzi zake kama zamani. Na sauti ikatoka mgongoni kwake, si ile ya kunong'ona, bali sauti ya mwanamume anayeita mtu ng'ambo ya barabara.

"Bibie! Vioo vya nyumbani uliviondoa kwa nini?"

Bi Futi nusura aachie usukani. "Leo ndiyo unauliza?"

"Leo sauti ipo!"

"Nilikuonea huruma! Usijione ulivyobadilika!"

Nguzo mbili zikapita.

"Loo," akasema Fundi. "Mimi nilidhani umechoka kuniona. Nikasema, mwenzangu, kuniona mara moja kunamtosha, mara ya pili kiooni hawezi."

"Fundi!" Machozi yalimjaa, barabara ikawa maji. "Mtu mzima wewe, unawaza upuuzi gani huo! Mimi niliyetafuta uso wako kama kichaa! Kila asubuhi naruka chini nimwahi mtu, namkuta ameondoka!"

"Najua. Nakuona unavyoruka. Nakosa namna ya kukwambia, maana tukisimama tu, na maneno yanasimama." Akahema. "Bandua sasa."

Akanyoosha mkono mmoja, baiskeli ikayumba, akashika pembe ya gazeti, akalivuta. Upepo ukalipokonya. Kioo kilikuwa kidogo kama kiganja, upande mmoja umekwenda upogo, upande ambao zamani ungempeleka kwenye pipa la taka. Kilikuwa kimeelekezwa nyuma, kupita bega lake.

Ndani yake alikuwa mumewe anacheka. Anacheka na meno yote, mashavu yamepanda, macho yamekuwa mistari miwili, kofia imekaa upande kama ya mlevi, jasho linang'aa kwenye paji. Ulikuwa uso ule wa benchini, na sasa umeamka. Tena ulikuwa unamtazama yeye moja kwa moja, humo kiooni, na haukufunga.

Lililomtoka Bi Futi ndilo hili.

"Fundi, umevunja sheria yako mwenyewe. Kioo ni changu, na uso wa kwanza umekuwa wako."

"Sijavunja," Fundi akapiga kelele. "Kwani uso huu ni wa nani?"

"Tazameni mbele!" Mfagiaji wa barabara aliruka pembeni na ufagio wake, toroli la takataka likakoswa kidogo tu. "Nyie wazee mtaniua! Bi Futi, si nilikwambia? Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia!" Bi Futi akajibu, analia na kucheka kwa pamoja, jicho moja barabarani, jingine kwenye kile kipande cha kioo.

Mbele palikuwa na njia panda. Kushoto ni nyumbani, kulia ni barabara ndefu iendayo kwa Hakimu, ambaye saa hizo angekuwa anakunywa chai kando ya lile dirisha lenye kiti kizuri. Uso wa Fundi ungefunga tena mara tu baada ya kusimama. Bi Futi alilijua hilo, na kioo akaacha kukitazama kwa muda apate kupima umbali, kama alivyopima madirisha ya watu maisha yake yote.

"Utaweza kufika kwake bila kupumzika?" akauliza.

"Wewe kanyaga," Fundi akasema.

Bi Futi akapiga kengele, akakata kulia, akakanyaga kwa nguvu zake zote, ili mtoto wao atoke nje awaone kabla hawajasimama.